Mama Fulani Hana Kura

Al Baraha, Dubai
21 Septemba 2012

Bibi yangu mpenzi,

Shikamoo. Hujambo, na lile goti? Mimi mzima wa afya, ila nina hasira, na hasira yangu haiwezi kungoja simu, maana simu yako huzimika tukiwa bado kwenye salamu. Barua hii anakuletea binamu Shakir, anarudi na mzigo wake wa vyombo.

Unakumbuka nilikwambia chama chetu cha Wakenya kinaandika ombi kwa wakubwa wa uchaguzi, tuwekewe sanduku la kura huku Dubai mwezi wa tatu? Wanaume wanafanya mikutano na kupeana vyeo. Sahihi tunakusanya sisi wanawake. Kazi yangu ni kufua shuka za hoteli, lakini Ijumaa nasuka. Na mtu anayesukwa haendi popote, Bibi! Saa nne nzima kichwa chake kiko mikononi mwangu. Nikifika msuko wa mwisho, ameshatia sahihi. Nimesuka wasichana wa majumbani, walinzi, wahudumu wa mikahawa, mpaka vidole vikafa ganzi. Nikapata majina mia na arobaini na matatu.

Jana mwenyekiti, Bwana Lawrence, kayatupa yote! Eti yameandikwa Mama Riziki, Mama Brayo, Mama Pacha. "Mama Fulani hana kura," kasema, na ukumbi mzima ukacheka. Nami nilicheka, kwa aibu. Kosa ni langu. Ndivyo tunavyoitana, sikufikiri kuuliza zaidi. Ombi linaondoka tarehe kumi na tano Oktoba, nasi hatumo. Wataona kwamba waliotaka kura Dubai ni wanaume hamsini na wawili. Natamani kuacha yote.

Mjukuu wako,
Mishi


Likoni
29 Septemba 2012

Mke mwenzangu Mishi,

Marahaba, marahaba. Goti lipo, huamka kabla yangu. Shakir kafika salama. Sabuni zako nimezipata, ahsante. Moja kaichukua shangazi yako hata sijainusa.

Ati uache? Hebu kaa kitako nikwambie jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kabla ya Uhuru, walipokuja kuandikisha wapiga kura hapa kwetu, karani aliweka meza yake shuleni. Wanawake tukaenda kwa wingi, tumejifunga leso zetu za arusi. Karani akamwuliza wa kwanza: jina lako? Mwanasha. Jina la mumeo? Kimya. Akarudia. Kimya! Wajua kwetu mke hamtaji mumewe kwa jina. Ni baba fulani, ni mwenye nyumba. Na kina Mwanasha walikuwa kumi na mmoja, karani atawatenganisha vipi? Akasema, asiyelijua jina la mumewe arudi nyumbani.

Wakaanza kurudi, mjukuu wangu. Nikaona hapana. Mume wa mwenzangu si wangu, ulimi wangu haukufungwa kwake. Nikasimama kando ya meza: huyu mumewe Hamisi, huyu mumewe Bakari, huyu mumewe Juma fundi cherehani. Siku tatu nilitaja waume za watu, hata karani akaniuliza kama nimeolewa na mji mzima! Zamu yangu ilipofika, shoga yangu Mwanakombo akamtaja babu yako kwa sauti ya mwadhini, tukacheka mpaka tukakaa chini. Sote tukaandikwa, sote tukapiga kura.

Siku ya sherehe ya Uhuru yalisomwa majina ya walioipigania kura. Wanaume kumi na wanne, na mmoja wao hata kuandikishwa hakuandikishwa. Sisi tulikuwa nyuma, tunapakua pilau. Iliniuma, nami nikanyamaza. Hapo nilikosea. Wewe usikosee.

Warudie hao wanawake, mmoja mmoja. Kila mtu jina lake analo.

Bibi yako


Al Baraha
17 Oktoba 2012

Bibi,

Shikamoo, ewe mke wa mji mzima! Natumai u mzima. Barua yako niliisoma kwa sauti pale kazini. Mwenzangu Lynette alicheka hata msimamizi akaja mbio kutuhimiza, "Yalla, yalla!" Naye alipotafsiriwa ile barua, akacheka pia.

Kulikuwa na shida nyingine. Lawrence alitaka namba ya pasi ya kusafiria, na nusu ya wasichana pasi zao wamezifungia madam, waajiri wao. Lynette akasema, Mkenya husahau siku yake ya kuzaliwa, lakini namba ya kitambulisho haisahau, kwa sababu kila akitoa pesa za simu huulizwa. Lawrence akakubali namba ya kitambulisho. Basi tukaanza.

Ijumaa tulikwenda Al Nahda, ghorofa kwa ghorofa, wasichana wanane chumba kimoja. Baada ya zamu tukaenda Dubai Investments Park, kwenye makazi ya wafanyakazi wa viwanda. Mlinzi wa lango, Eriya, ni Mganda, hana kura kwetu, lakini alituitia watu kwa filimbi! Msichana mmoja haruhusiwi kutoka, akatuangushia karatasi kutoka dirisha la juu, kaibana kwa kibanio cha nguo. Na huyu Mama Riziki ninayelala naye chumba kimoja mwaka wa tatu sasa, kumbe ni Virginia! Nilimkodolea macho. Akasema, "Hukuniuliza."

Mmoja, Bibi, madam wake humwita kwa jina la msichana aliyemtangulia pale nyumbani. Aliandika majina yake yote matatu polepole, kisha akalia, nami nikalia naye, kichwa chake kimesukwa nusu.

Tulirudi na majina mia na sitini na manane. Lawrence aliyahesabu, akajifuta jasho. "Khalas," akasema, "yamekubaliwa." Tena ili aonekane mkubwa, akatangaza kwamba orodha yote ya ombi, wanaume na wanawake pamoja, ndiyo daftari jipya la chama, maana la zamani lilipotea. Nilirudi nyumbani naimba ndani ya basi.

Mjukuu wako,
Mishi


Likoni
20 Desemba 2012

Mishi wangu,

Marahaba. Hatujambo sote, mvua imetuchosha tu. Nimejiandikisha! Siku hizi ni mashine, unabandika vidole. Vyangu imevikataa mara tatu, alama zimefutika kwa miaka ya kufua na kukuna nazi. Kijana akasema pole bibi, nenda ukapumzike. Nikamwambia nimekuja na kiti changu. Mara ya nne ikakubali, na foleni nzima ikanipigia vigelegele.

Na jibu lenu je? Mbona kimya?

Bibi yako


Al Baraha
2 Februari 2013

Bibi yangu,

Shikamoo, na hongera ya vidole. Nilinyamaza kwa sababu habari ilikuwa mbaya. Jibu limekuja: safari hii sanduku halifiki Ghuba. Nililia siku mbili, nikachoma shuka ya hoteli kwa pasi. Virginia akaniambia, lia, lakini Ijumaa ni uchaguzi wa chama, usivimbe macho.

Katiba ya chama inasema kila aliye kwenye daftari ana kura. Lawrence aliwangojea wanaume wake hamsini na wawili. Jana mchana, katika ukumbi ulio juu ya mkahawa mmoja hapa Al Baraha, walikuja wanawake mia na sita, Bibi! Wengine wamebadilishana zamu, wengine wamewaahidi madam zao kazi ya wiki mbili bila siku ya mapumziko. Lawrence akasema viti havitoshi. Tukasema tutasimama, na wanawake wakanitaja mimi nishindane naye kwa uenyekiti. Yule msichana wa majina matatu alipoitwa kupiga kura, aliitika "Ndimi!" hadi wapita njia wakatazama juu.

Nimeshinda, Bibi. Mimi ndimi mwenyekiti. Kura mia na kumi na moja kwa arobaini na saba, maana hata baadhi ya wanaume wametupatia kura zao. Lawrence amenipa mkono, kwa heshima, na amekubali kuwa katibu. Ombi la pili tunaanza kuliandika Ijumaa ijayo, na miaka mitano hadi uchaguzi mwingine si mingi.

Lakini hakuna aliyetaka kwenda nyumbani. Virginia ndiye aliyehesabu kura, akizisoma moja moja: Mishi, Lawrence, Mishi, Mishi. Alipomaliza, wanawake wakadai zihesabiwe tena. Si kwa shaka. Walitaka tu kusikia. Akazihesabu mara tatu.

Mjukuu wako,
Mishi