Santuri Kabla Kifua cha Cosimu Hakijaziba

Kambi ya Wachimba Makaa,
Seraing, Ubelgiji.
Jumapili, 2 Machi 1958.

Mpendwa kaka Bachisio,

Nakusalimu kwa heshima yote ya mkubwa wangu, na naomba barua hii ikukute mzima huko bondeni pamoja na kondoo. Mgongo umeacha kukusumbua? Mama naye anaendeleaje, bado hataki madirisha yafunguliwe tangu msiba wa baba? Mimi sijambo. Kikohozi ni kile kile, hakijaongezeka. Na wewe Grassia dada yangu, unayemsomea, pokea salamu zako. Soma polepole, usiruke maneno ya mbele hata yakikukera.

Kaka, sijatulia. Nikitoka shimoni nanawa, nakula, najilaza, nainuka tena. Wenzangu wameanza kuniuliza kama godoro langu lina viroboto.

Banda letu tulichanga tukanunua gramafoni, na tangu siku hiyo hatuna amani. Wanapoli wanataka nyimbo zao za mapenzi zenye mandolini. Watu wa Friuli wanataka kwaya yao ya milimani. Wabelgiji wakija kututembelea wanadai kodiani wapate kucheza. Msimamizi wetu, Ettore wa Parma, hataki kusikia kitu ila opera, na mtu akikohoa wakati mwanamke wa kwenye santuri anakufa huku akiimba, anatolewa nje. Sisi Wasardinia tunakaa tu, kwa kuwa hatuna santuri hata moja ya kugombania. Mnapoli mmoja, Aniello, alinitania kwamba uimbaji wetu ni kama kondoo waliofungiwa zizini. Nikamjibu kwamba kondoo wetu angalau wanajua sauti nne, Wanapoli wanalia kwa moja tu.

Pamoja na utani wake, ni huyo huyo Aniello aliyetupeleka kwa Bwana Lambrecht. Huyu ana chumba cha kurekodia mjini Liège na santuri zake anaziuza makambini. Alishatusikia kwenye ubatizo mmoja, mimi, Cosimu na Mialinu, akasema tuje.

Tulikwenda wiki iliyopita na suti zetu za kanisani. Tukakuta kijana wa Antwerp anamalizia kupiga tarumbeta ya jazi, mashavu yamemvimba, na mama mmoja wa Trieste anangojea zamu ya kuimba nyimbo za kanisa. Zamu yetu ilipofika, Bwana Lambrecht alitutenganisha. Kila mtu kona yake, blanketi zimening'inizwa katikati, na kila mtu na kipaza sauti chake, maana ndivyo anavyofanya na bendi za dansi. Akasema tuimbe sisi watatu kwanza, sauti ya kwanza itarekodiwa baadaye, yeye ataziunganisha.

Nisikufiche, tulisimama kama ng'ombe mnadani. Mialinu akaanza, akanyamaza. Mimi nikatoa besi nikiwa nautazama ukuta. Cosimu alichungulia nyuma ya blanketi akamwuliza yule bwana, "Sasa mzee, nimjibu nani? Blanketi?"

Wewe huhitaji kuambiwa, ila yeye ilibidi nimweleze. Kwamba sauti ya kwanza ndiyo inayotupa neno, na sisi watatu hatuna cha kuimba mpaka tutupiwe. Kwamba tunasimama duara, bega kwa bega, mkono sikioni, na yule wa kwanza akivuta pumzi sisi tunaiona. Hatimaye alikubali kuziondoa blanketi na kuning'iniza kipaza sauti kimoja katikati. Akauliza tu huyo wa kwanza yuko wapi. Nikasema yuko Sardinia anakama kondoo.

Sasa nisikilize vizuri. Cosimu anaumwa. Daktari wa kambi amempiga picha ya kifua na kukuta vumbi la makaa limejaa. Hapandi ngazi za bandani bila kusimama njiani. Kontra yake, sauti ile ya kooni inayokaa juu ya besi yangu, bado ni ile unayoijua, kavu, iliyonyooka, lakini siku hizi inakatika kabla ubeti haujaisha, naye anajifanya amekatisha makusudi. Alivyoniambia ni hivi: "Bobore, kifuani nimebakiwa na nyimbo chache. Nisije nikazitema zote na makaa." Mwanawe kazaliwa huku, hajawahi kumsikia baba yake akiimba katika sisi wanne.

Bwana Lambrecht ametupa Jumamosi inayofuata Pasaka. Baada ya hapo chumba chake kimeshachukuliwa na bendi za dansi kiangazi kizima, na mimi sidhani kama Cosimu atafika vuli akiwa na kontra.

Mialinu anataka tumchukue Bustianu, yule wa kijiji cha Bitti anayekaa banda la nne. Alhamisi tulijaribu naye. Kaka, ilitoka vizuri, na hilo ndilo linaloninyima usingizi. Ana sauti, siwezi kumsingizia. Ila neno analivuta Kibitti, na sisi tukilifuata tunakuwa si wa Orune kwetu tena. Mialinu alifurahi mpaka akampiga Bustianu mgongoni. Cosimu alishusha mkono kutoka sikioni akaenda kukaa.

Barua yako ya mwisho ilisema nyumba yenye msiba haiimbi, na kwamba mpaka Oktoba hutafungua kinywa wala kunyoa ndevu. Naiheshimu desturi. Baba ni wangu pia, na mimi sikumtupia udongo kaburini. Besi yenyewe nimerithi kwake. Kwa hiyo nimemwandikia mama peke yake, nikamwomba ruhusa ya wewe kuimba. Akisema hapana, basi, sitakuomba tena.

Lakini kama si msiba, ila ni hasira, niambie. Grassia, hapa usiruke. Najua tuliondoka watatu kwa mpigo mmoja, ukabaki wewe na sauti ya kwanza bila mtu wa kukujibu. Nimesikia kwamba hata sikukuu ya Agosti, kabla baba hajafa, ulikaa mlangoni pa baa na hukuimba. Hatukuondoka kwa kupenda, kaka, na wala si mimi niliyewashawishi wenzangu kama wanavyosema huko. Ukitaka kunigombeza, njoo unigombeze hapa uso kwa uso, halafu tuimbe.

Kondoo, shemeji Zizzu atakushikia, nimeshaongea naye kwa barua. Ukishuka meli panda treni mpaka Milano. Ndugu yake Mialinu atakungoja stesheni akupandishe ya kuja huku. Njoo na ndevu zako hivyo hivyo, santuri haina macho. Na ulete jibini, ya huku ni sabuni.

Usipokuja, Bustianu ataimba, na nitampa besi yangu yote bila kujizuia. Nitafanya hivyo kwa ajili ya Cosimu. Nakuambia mapema, isije siku ukaisikia santuri kwenye baa ya kijijini ukadhani niliimba nusu.

Nisalimie mama, mwambie pesa za mbao za mlango nitamtumia kabla ya baridi. Nisalimie shemeji Zizzu na watoto, shangazi Pedra, na Mallena dada yake Cosimu, ila yeye usimwambie habari za picha ya kifua. Mungu awajalie maziwa mengi na wanakondoo wazima, na baba apumzike kwa amani.

Jambo la mwisho. Jana Cosimu aliniuliza kama umejibu, akidhani nilishakuandikia. Alikuwa ameketi kitandani, fulana imelowa jasho kwa sababu ya kufunga tu kamba za viatu. Nikamwambia ndiyo, Bachisio anakuja. Akasema, "Basi Bustianu aambiwe mapema, asione aibu." Akainuka akaenda kumwambia mwenyewe. Alisimama mara mbili njiani.

Mungu akulinde safarini.

Wako akupendaye, mdogo wako,
Bobore