Kengele Niliyoikata Waya

Kasongo, Jumanne usiku

Mama amelala akiwa amenikasirikia. Afadhali anikasirikie.

Ile gari yenye kitanda na jiko, ambayo wageni walituachia hangarini, kwenye banda letu, mpaka kiangazi, ililia tangu asubuhi. Ni kengele yake ya gazi, ile inayolia gesi ya kupikia ikivuja. Nilifunga chupa ya gazi, nikaitoa nje kabisa. Bado inalia! Nikanusa kila kona, lakini kwa mafua haya sisikii hata harufu ya samaki. Nikasema basi, kifaa kimezeeka. Kelele ilinichosha, nikakata waya.

Kimya. Nikafurahi, mujinga mimi.

Mara Mama akatoka jikoni na makala, yale makaa ya moto, juu ya kibati, anaelekea mulango wa gari.

"Mama, unaenda wapi na moto?"

"Siafu iko mule, chini ya kitanda. Jana niliwamwangia esansi, chupa nzima, hawakusikia. Leo nawachoma."

Petroli! Kumbe kengele ilikuwa inalilia mvuke wa ile esansi...

Nilikipiga kile kibati kwa mukono, makala yakaanguka kwenye matope. Akaniita mwenda wazimu mbele ya majirani. Kiganja kimeungua.

Sijamwambia kwamba mimi ndiye niliyeinyamazisha kengele.

Matela, lile godoro la kitanda cha gari, nimeitoa nje, milango iko wazi. Kuunga waya naogopa, cheche moja tu... Usiku huu kengele ni mimi, na pua yangu haisikii kitu.