Dirisha la Jikoni

Kibuli, Jumatano, baada ya sala ya isha

Kwa jina la Mola aliyeumba mwanga na pumzi. Amani iwe juu ya nyumba hii.

Leo nimeliziba kwa mikono yangu dirisha nililolitoboa wiki iliyopita.

Mafuta ya taa yametoweka madukani, makaa yameadimika, na jiko la nyumba hii kuukuu lina giza hata adhuhuri. Moshi wa kuni mbichi umekiharibu kifua cha mke wangu. Nikaona nitoboe ukuta upande unaopokea upepo, moshi utoke, mwanga uingie, taa ipumzike. Naye akapika bila kukohoa, hata akanitania: "Mzee, kumbe una mvi hivi! Gizani nilikuona kijana."

Niliufikiria upepo, sikumfikiria jirani. Ni mwanajeshi, na uani kwake hushushwa magunia ambayo hatuulizi yametoka wapi. Asubuhi alikuja, mpole kupita kiasi.

"Mzee, hii dirisha inaangalia kwangu."

"Afande, ni la kutolea moshi tu."

"Moshi haina macho. Wewe iko nayo. Jioni nisikute hii kitu."

Mke wangu alinipa udongo na matofali, moja baada ya jingine. Sasa namsikia akikohoa. Ningemshtaki jirani kwa nani? Anayeshtakiwa na anayepokea mashtaka wamevaa sare moja. Ee Mola, mimi nimeshindwa.

Nawe utakayesoma haya, Mungu akujalie wewe na watu wa nyumbani kwako dirisha lililo wazi, na jirani asiyeogopa kuonekana.