Barua ya Daktari na Samaki wa Pweto

Jumanne, jioni

Nimeificha barua ya daktari tangu miaka ya uporaji, wanajeshi walipovunja maduka ya mji; hata mke wangu alikufa bila kuiona.

Leo Mireille, mtoto wa binti yangu, alikuja na tumbo lake na vitabu vyake vya udaktari. Anatarajia mtoto wa kiume. Akanieleza habari za wavulana wanaozaliwa bila kinga mwilini, homa ndogo inawaua.

“Kambo, babu yangu, siku hizi badaktari banatosha chembe mu mifupa ya mutoto, banatengeneza jeni yenye iliharibika, banamurudishia. Anapona! Mbona unafunga kitabu changu? Mwalimu muzima anaogopa sayansi?”

Wanapona!

Wanangu wawili wa kiume walikufa hivyo, kila mmoja baada ya mama mkwe wangu kutuletea samaki wakavu wa Pweto, kule ziwani. Kikao cha ukoo kilimwita mchawi, kikamfukuza. Alifia huko alikokimbilia, peke yake.

Kesho nitampa Mireille barua, ili mwanawe apimwe akizaliwa tu. Imeandikwa wazi kwamba ugonjwa huu hupitia kwa mama kwenda kwa wana wa kiume, si uchawi.

Nilikiongoza kikao kile mimi mwenyewe, na barua ilikuwa mfukoni mwangu.