Mgombea Asiyeahidi Basi

Jumapili jioni, Kilburn

Na huyu mgombea wa pili ndiye anayenikosesha amani.

Leo Mchungaji aliwapa wagombea wawili wa umeya nafasi ya kusalimia kanisa, vile tunavyofanya kule nyumbani tulikotoka kila msimu wa kura. Wa kwanza alianza na "Bwana asifiwe!", akaahidi kwamba mabasi yataongezwa na nauli haitapanda hata kidogo. Tulimpigia makofi, hata mimi, nami najua ni uongo mtupu. Watu wa aina yake nimewaona tangu utotoni.

Halafu wa pili, mama mmoja, akashika maiki. Nilisimama nikamwuliza: basi la alfajiri linalonipeleka Hayes, kwa wazee ninaowatunza, litaondolewa?

Akanitazama machoni. "Huenda. Siwezi kukuahidi, kwa sababu pesa hazitoshi."

Mchungaji hata alisahau kumwombea, na yule wa kwanza alikuwa amewekewa mikono.

Sasa mtu anaombaje kura kwa kutunyima? Anaficha nini? Labda basi limeshaondolewa huko ofisini, na yeye ametumwa kutuzoesha polepole. Nikilikosa hilo basi, kazi nayo...

Nilimweleza binti yangu tukiosha vyombo. Akacheka, akanijibu kwa Kiingereza chake: si ukweli ndio uliokuwa unautaka, mama?

Ndio. Lakini si namna ile, mbele ya watu, bila hata kunibembeleza.

Angalau yule wa kwanza nina hakika naye. Anadanganya.