Antena ya Gona na Matanga Yake

Shoga, shemejiyo Gona leo kaliliwa matanga akiwa hai!

Si unaijua ile ndege anayoiunda bandani? Haina hata mabawa! Leo kaifunga antena ya kuita waokoaji ikianguka, akabonyeza kitufe aone kama inafanya kazi.

Inafanya kazi.

Waokoaji wakampigia mamake, maana namba aliyoandikisha ni yake: "Mama, ndege ya mwanao imetoa ishara ya ajali."

Mama hakuuliza ndege gani. Akapiga ukemi kwamba mwanawe kafa, mtaa wa Mishomoroni mzima ukaja! Gona yuko bandani na redio juu, hasikii. Alipotoka kunawa grisi, akakuta turubai na watu wanalia. Akauliza, "Nani kafa?"

NANI KAFA, shoga!

Mama akamtazama juu chini. "Wewe. Rudi bandani ujifiche, watu wamalize kula kwanza. Mbuzi keshachinjwa."