Mtoto Aliyevutwa Kwenye Ukungu

Mjukuu wangu Kabula,

Marahaba. Barua yako imefika. Sisi hatujambo, mama yako mdogo amehamia Buhongwa, nami nashinda barazani nikitazama ziwa.

Unasema wenzako huko Uingereza wanaongea kwa "get on" na "put off". Kila neno unalijua, ila yakiungana hupati maana, nawe unaitikia tu. Unauliza kama na mimi yalinipata.

Yalinipata kabla ya uhuru, nilipokuwa msichana, mkalimani wa daktari Mzungu kwenye zahanati ya Kigongo. Asubuhi hiyo ukungu ulifunika ziwa hata maji na mbingu vikawa kitu kimoja. Mama mmoja alikuwa amempakata mwanawe, homa imemlegeza. Daktari akampima, akaniambia, "He will pull through."

Pull ni kuvuta. Through ni kupita. Nikamwona mtoto akivutwa polepole ndani ya ule ukungu, akienda nisikokujua. Mama akanitazama usoni, akaanza kulia.

Nikameza aibu. "Daktari, sijaelewa. Anavutwa kwenda wapi?"

Hakucheka. Akamwinamia yule mama, akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Mtoto atapona."

Mama akanigeukia. "Amesema atapona?"

"Ndiyo, mama. Atapona."

Akanishika mkono, asiuachie. Siku ya nne mtoto aliomba uji, akaumaliza, akalilia mwingine.

Nisalimie hao wenzako wanaosema haraka.

Bibi yako,
Milembe